Koki Namba Kumi na Nne

Ukisoma kompyuta halafu ukarudi Pemba, adhabu yake unaijua. Shadya binti Ngwali alikuwa na miaka thelathini na sita, na barua yake ya ajira ilisema kazi yake ni kusanifu mifumo ya taifa ya habari na udhibiti. Kwa watu wa Vitongoji alikozaliwa, kazi yake ilikuwa kutengeneza simu. Kila Ijumaa alipotoka Chake Chake kwenda kumtazama baba yake, aliwakuta wanawake wawili watatu barazani wanamngoja, kila mmoja na ya kwake kwenye upindo wa kanga: hii haichaji, hii imeingia tui la nazi, hii imeanza kuzungumza Kichina. Alizipokea zote. Nyingine zilipona, nyingine zilirudi zilikotoka na pole yake juu.

Siku moja baba yake, Mzee Ngwali, alimuuliza hasa serikali inamlipia nini. Shadya akamwambia afikirie harusi. Kuna wa mchele, kuna wa kuni, kuna wa kualika, kuna wa kumkabili bwana harusi akichelewa. Mtu mmoja alikaa kabla ya siku hiyo akapanga nani afanye nini, nani amwambie nani, na mama wa bibi harusi akizimia wali usiungue. "Basi mie ndiye huyo anayepanga, baba. Ila badala ya harusi ni nchi nzima."

"Alaa," akasema mzee. "Na wali ukiungua?"

"Hulaumiwa mie."

"Hiyo kazi kweli," akasema mzee, akaridhika.

Harusi aliyokuwa akiipanga miaka hiyo ilikuwa ya maji. Idara yake ilitaka mfumo mmoja utakaotazama na kuendesha maji ya Unguja na Pemba: visima, pampu, matangi, na koki mia nne na kumi na mbili zinazogawa maji kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Kila koki ilikuwa na mtu wake mwenye chuma kirefu cha kufungulia. Huyu hufungua, hufunga, huenda zake shambani. Hakuna aliyejua kwa hakika maji ya nchi yanakwenda wapi, na Shadya alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: jambo lisilojulikana lilimwasha mwilini kama upupu.

Alianza kwa kuzunguka. Alikwenda kwa wafungua maji arubaini, kutoka Msuka, kaskazini ya Pemba, mpaka ncha ya kusini ya Unguja, na fomu yenye maswali arubaini na mawili. Bomba la inchi ngapi, koki ya mwaka gani, zamu siku zipi, saa ngapi. Huku nyuma mafundi wakafunga mita zenye laini ya simu, zikawa zinaleta habari mchana na usiku. Kisha akakaa nyumbani kwake na penseli, akachora. Alipenda kuchorea nyuma ya kalenda za msikiti zilizopitwa na mwaka, kwa sababu karatasi yake ni nene na haina mistari. Juu akachora chumba cha kuongozea. Katikati akachora vituo vya kanda, kila kimoja na kompyuta yake, ili waya wa chini ya bahari ukikatika Pemba isikae na kiu kwa kuwa Unguja haisikii simu. Chini akachora koki, moja moja, kama mtoto anayechora kuku wa bibi yake. Mwandishi wa habari hii ameiona michoro hiyo, na anakiri hakuelewa nusu yake, lakini ilikuwa mizuri.

Ni hizo mita zilizomletea kitendawili. Vitongoji ilipata maji Jumatatu na Alhamisi. Lakini koki namba kumi na nne, ndiyo ya Vitongoji, ilikuwa ikifunguliwa pia siku zisizo zake. Mara mbili katika juma moja, kisha kimya siku ishirini na sita, kisha tena. Hufunguliwa kwa muda wa saa tatu nne, hufungwa. Shadya akazitia alama nyekundu siku hizo zote, zikafika kumi na saba kwa miaka miwili, akazitandika mbele yake na chai.

Wizi, akasema kwanza. Kuna mtu anajenga, anajaziwa pipa. Lakini mjenzi huhitaji maji kila siku, si mara moja kwa siku ishirini na sita. Akajaribu msimu wa karafuu, haukulingana. Akajaribu mvua, akajaribu mechi za mpira, akajaribu hata mwezi mwandamo, kwa kuwa mtu akishikwa na udadisi hana haya. Hapana. Halafu, katika kugeuza karatasi, macho yake yakaangukia upande wa pili wa kalenda, penye nyakati za sala, na akaona kitu kilichomfanya acheke peke yake. Karibu kila mara maji yalifungwa ikikaribia adhuhuri, au ikikaribia alasiri.

"Mwizi gani huyu," akajisemea, "anayefunga maji kwenda kusali?"

Na tena hakuwa peke yake. Alipozitazama koki nyingine, sitini na moja zilikuwa na tabia hiyohiyo, Pemba na Unguja. Kulikuwa na jambo la pili la ajabu zaidi: kila koki namba kumi na nne ilipofunguliwa bila zamu, siku mbili baadaye koki ya jirani yake ilipewa muda wa ziada, kiasi kilekile, kana kwamba mwizi anarudisha. Hili hakuliweza kabisa. Aliliandika pembeni ya mchoro, akaweka alama ya kuuliza, akaipigia mstari mara tatu.

Angeweza kumuuliza mfungua maji. Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Jaribu, anakaa mwendo wa dakika tano kutoka kwa baba yake, na alikwisha mjibu maswali arubaini na mawili bila kukosa hata moja. Lakini wasomi nao wana namna yao. Shadya alitaka alijue jambo kutoka kwenye takwimu, si kwa kuambiwa, na hapo ndipo alipojikwaa.

Mkuu wake, Mhandisi Masoud, mtu wa Unguja aliyependa mambo yaishe, alimtaka alete mchoro wa mwisho kabla ya Ramadhani. Ukishatiwa saini, koki mpya zitaagizwa zikiwa na kufuli zake ndani, mia nne na kumi na mbili kwa mkupuo, na hapo hakuna kurudi nyuma. Shadya akaandika kanuni aliyojivunia: koki yoyote ikifunguliwa nje ya ratiba, mfumo utaifunga na kuitia kufuli papo hapo. Na ili asije mtu mmoja akawapendelea ndugu zake, kufuli lisifunguliwe ila kwa idhini ya wakubwa wawili, kila mmoja kwenye simu yake. Wakakubaliana waijaribu kwenye koki moja. Akachagua namba kumi na nne mwenyewe. Mafundi wakaenda, wakaifunika kwa boksi la kijivu lenye mota, wakamwonyesha Mzee Jaribu pa kutia chuma chake. Mzee akatikisa kichwa kuwa ameelewa. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Siku ya tisa, Jumatano, saa nne ya asubuhi, simu ya Shadya ikalia. Koki 14 imefunguliwa nje ya ratiba. Imefungwa. Imetiwa kufuli.

Aliruka kitini. Si kwa hasira, jamani, kwa furaha. Miezi minane jambo hili lilikuwa likimwasha, na sasa mwizi amekamatwa na mkono wake uko ndani ya mtungi. Akachukua gari ya idara akaendesha mwenyewe, huku akiwaza mtu huyo atakuwa na sura gani.

Alipoingia Vitongoji aliona vespa na baiskeli zimeegeshwa pande zote mbili za njia. Akaona wanaume wamekaa kwenye majamvi nje ya nyumba, kimya, kofia kichwani. Akapunguza mwendo. Mbele kidogo, Mzee Jaribu alikuwa amepiga magoti penye koki, chuma chake amekilaza chini, anaugusagusa mfuniko wa boksi kwa vidole kama anayepapasa kipaji cha uso wa mgonjwa.

"Assalamu alaykum, mzee wangu. Kuna nini hapa?"

"Waalaykumu ssalamu, mwanangu. Bi Mwanapili katangulia mbele ya haki, alfajiri hii." Hakuinua uso. "Na kitu hichi chenu nnakifungua, chafunga. Nnakifungua, chafunga. Wanawake wamo ndani na maiti. Washaanza kumuosha, maji yamewakatikia."

Bi Mwanapili ndiye aliyemsomesha Shadya msahafu. Alimfundisha kutoka alifu mpaka akahitimu, kwa fimbo ndogo ya mpera ambayo hakuwahi kumpiga nayo, alikuwa akiitikisa tu.

Shadya alitoa simu, akatoa idhini yake. Mfumo ukamshukuru, ukamwambia unangoja idhini ya pili. Akampigia Mhandisi Masoud. Simu imezimwa. Akapiga ofisini, akaambiwa yumo kwenye mkutano na wageni, hatoki mpaka wamalize. Alijaribu kila njia aliyoijua ya kuuzunguka mfumo, na hakupata hata moja, kwa sababu aliyeujenga alikuwa fundi mzuri na alikwisha ziziba zote.

Akafunga kanga yake kiunoni, akaingia njia ya kisima cha zamani pamoja na wanawake wengine. Robo saa kwenda, robo saa na ushei kurudi, ndoo kichwani. Hajabeba ndoo kichwani tangu darasa la saba, na shingo ilimwambia hivyo. Hakuna aliyemlaumu. Hakuna aliyejua kuwa kufuli ni kazi yake, au waliojua walinyamaza, na kunyamaza kwao kulimuuma kuliko tusi. Mwanamke mmoja mbele yake aligeuka akamwambia, "Pole pole, Bi Shadya, usijimwagie," kwa upole kabisa, na Shadya akalia akiwa anatembea. Safari ya tatu ndipo Mhandisi Masoud alipopiga. Maji yakarudi. Bi Mwanapili, aliyekuwa azikwe kwa adhuhuri, akazikwa kwa alasiri.

Jua likiwa limeshalegea, Shadya alimkuta Mzee Jaribu amekaa juu ya tofali karibu na koki, anasafisha chuma chake kwa majani. Akakaa chini, mchangani, kama alivyokuwa akikaa chuoni kwa Bi Mwanapili.

"Mzee, zile siku nyingine zote. Zote zilikuwa misiba?"

"Sasa ziwe nini?"

"Na hukunambia."

"Mwanangu, weye ulikuja na karatasi yako. Ukan'uliza bomba inchi ngapi, nikakujibu. Ukan'uliza koki ya mwaka gani, nikakujibu. Hukun'uliza nafungua kwa nini." Akageuza chuma upande wa pili. "Ntu akifa kuna kumuosha, kuna watu mia tatu wa kutawadha, kuna kupika. Ntawaambia wangoje Alhamisi? Maiti hangoji Alhamisi."

"Na yule jirani? Siku mbili baadaye unampa ya ziada."

"Alaa, hilo nalo umeliona!" Kwa mara ya kwanza akamtazama, na macho yake yalikuwa na mshangao wa kweli. "Maji ya msiba nayatoa kwenye zamu ya wenzetu wa bondeni. Haki yao. Hurejeshwa. Marehemu wetu asende na maji ya watu."

"Huandiki popote?"

"Niandike ya nini? Mie siku ya kufa ntu n'taisahau?" Akakilaza chuma mapajani. "Hata siku ya mama yako, mwaka jana, Mungu amrehemu, ilikuwa Jumanne. Nilifungua kabla jua halijachomoza vizuri."

Shadya aliikumbuka siku hiyo, au alidhani anaikumbuka. Alikumbuka harufu ya kafuri, na shangazi aliyemshika mabega, na pipa la uani limejaa mpaka linafurika. Yeye aliyeuliza kila kitu duniani, aliyewahi kufungua redio ya baba yake ili aone anayesoma habari amekaa wapi, hakuwahi kujiuliza pipa lile lilijaaje siku ya Jumanne. Maji ya msiba yapo tu. Nani huyauliza?

Aliporudi nyumbani aliitoa orodha yake ya siku kumi na saba. Ya sita kutoka juu ilikuwa ya mama yake, na miezi yote ile aliisoma kama namba tu. Ameitia alama nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, na kando yake ameandika, kwa hati nzuri: wizi?

Alikaa na karatasi ile muda mrefu. Kisha akatoa kalenda nyingine, akaigeuza, akaanza kuchora upya.

Sasa usidhani alichora kitu kikubwa. Kilikuwa kijistari tu, kutoka mkononi mwa mfungua maji kwenda kwenye koki, kisichopita chumba cha kuongozea wala kituo cha kanda. Kila mfungua maji angepewa ufunguo wenye namba yake. Akiugusisha kwenye boksi na kubonyeza kitufe cha msiba, koki itafunguka kwa muda wa saa nne, na hakuna mkubwa wa kuizuia. Mtandao ukikatika itafunguka vilevile. Wa juu wataarifiwa, hawataombwa. Na kazi ya kuwarejeshea majirani, aliyokuwa akiifanya Mzee Jaribu kichwani, mfumo utaifanya wenyewe siku mbili baadaye, kwa koki zote mia nne na kumi na mbili. Kijistari hicho kiliharibu hesabu zake za mgao wa visiwa viwili, akalazimika kuzipanga zote tangu mwanzo. Siku kumi hakulala vizuri. Aliupeleka mchoro siku nne kabla ya Ramadhani.

Mhandisi Masoud aliusoma mara mbili, miwani imeshuka puani.

"Nani atathibitisha kuwa kuna msiba kweli? Tuambatanishe cheti cha kifo?"

"Cheti hutoka baada ya juma, bwana mkubwa. Maiti anazikwa leo."

"Basi watu watadanganya. Kila anayetaka kufua atasema kuna msiba."

"Atangaze msiba wa uongo Vitongoji? Kabla ya saa sita watu mia watakuwa mlangoni kwake, wamekuja kuzika. Awape nini?"

Waliokuwemo mkutanoni wakacheka, na Mhandisi Masoud akacheka nao bila kutaka. Lakini hakuacha. "Angalau jina la marehemu. Tuweke nafasi ya jina, ajaze kabla koki haijafunguka."

"Hapana," akasema Shadya. "Mtu anayekimbilia maji ya kuoshea maiti simuulizi jina."

"Sasa mfumo utajuaje?"

"Hautajua. Utaambiwa."

Shadya alijua akikataliwa hapo hatatia saini, na asipotia saini atatia mwingine. Mhandisi Masoud aliuangalia ule mstari, akaufuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa mfupi, hakuchukua muda. Siku ile ya mkutano na wageni alikwisha isikia habari ya Bi Mwanapili, na hakupata kuizungumza. Akachukua kalamu, akatia saini.

Koki mpya zilifika, zikafungwa, na maisha yakaendelea. Shadya alihamia chumba cha kuongozea cha Chake Chake, penye skrini pana inayoonyesha kisiwa chote kwa vitone vya kijani. Ijumaa bado alitengeneza simu.

Asubuhi moja, mwaka ukikaribia kutimia, Mhandisi Masoud alikuwa amevuka kuja kukagua. Wamesimama mbele ya skrini, anaulizia pampu ya Wesha, na hapo kitone cha Vitongoji kikageuka cheupe. Koki 14. Msiba. Imefunguliwa dakika moja iliyopita.

Jambo la kwanza Shadya alitazama namba ya ufunguo. Ilikuwa ya Mzee Jaribu. Alhamdulillahi, yeye yupo. Akampigia baba yake, simu ikaita mpaka ikakata. Hilo halikuwa na maana yoyote. Mzee Ngwali huiacha simu chini ya mto. Akapiga tena. Ikaita tena.

"Nani amefariki?" akauliza Mhandisi Masoud.

"Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun," akasema Shadya. Akavua miwani, akaitia mkobani, akajitanda mtandio wake vizuri. "Mfumo haujui."

"Basi ngoja wakupigie wakwambie."

"Ningoje?"

"Sasa unakwenda wapi, Bi Shadya, na humjui?"

"Kuzika," akasema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Mhandisi Masoud alibaki peke yake na vile vitone. Kile cheupe kilionyesha maji yanapita, lita kwa lita. Akaitoa kofia mfukoni, akaivaa, akamfuata.